Kinga Isiyo na Porbagaji

Siku mliyoniaga pale kwenye mashine ya mpunga mlinisimamisha katikati mkasema, «Hotuba!» Nilisema, «Asante,» nikakaa. Kuku alikuwa mtamu, na mdomo wangu haujui kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Lakini tulipokuwa tunanawa mikono, mmoja wenu alinivuta pembeni. Ndiye atakayechukua nafasi yangu kwenye mkaba, ule mkanda wa mashine, na yeye pia anakaa mbali, upande wa njia ya Kabambare kama mimi. Akaniuliza anunue kinga ya namna gani ya kuendesha mpaka kazini. Nikamwambia nitaandika. Alicheka, kwa sababu anajua nilisoma shule ya msingi tu, na ninapoandika, herufi moja inasubiri nyingine ivuke, kama watu kwenye daraja la gogo. Basi nimechukua muda. Nilipoanza ukurasa huu mpunga ulikuwa majani. Sasa ndege wameshauona.

Mnanicheka pia kwamba ninajiita mstaafu na ndevu bado ninazitafuta kwa kioo. Wazee wanastaafu wakiwa na mvi, mimi nimestaafu nikiwa na mke. Nimeoa kule Wamaza, baba mkwe ana bonde zuri, na kutoka mlango wangu mpaka shambani si safari ya kutafutia kinga. Mambo ya mashine Baba Shabani atawafundisha mwenyewe, kwa mdomo na kwa kofi la mgongo. Mimi nitaandika habari za njia, kwa sababu njia ndiyo karibu initoe kazini.

Nilipoingia pale nilikuwa wa kufagia pumba. Kisha Baba Shabani, fundi wa mashine, akaniweka kwenye mkaba. Injini ile ya mafuta ya mazutu haiwaki kwa mtu mmoja, mnajua. Fundi anazungusha manivele, kile chuma cha kuwashia, kwa mikono miwili, mwenzake anasimama karibu na gurudumu akiwa na kijiti, na injini inaposhika anausukuma mkaba upande gurudumu. Ukiwahi, injini inazimika. Ukichelewa, mkaba unaruka na kukutandika. Wiki ya kwanza ulinitandika shavuni mpaka nikaona ukuta wa mabati umekuwa kuta mbili. Baba Shabani aliniinua, akanitazama, akasema, «Vizuri. Sasa mumejuana.»

Nilianza kuupenda mkaba ule. Kwetu hakuna mtu aliyewahi kuwa na kazi yenye mlango wa kufunga na kufungua. Mama yangu aliitangaza kanisani kati ya wagonjwa na wasafiri. Na mimi, ambaye nikiulizwa jina langu ninatazama miguu, pale kwenye mkaba nilikuwa mtu anayengojewa. Bila mimi mpunga wa Kasongo ulibaki na maganda yake.

Lakini Baba Shabani ana sheria yake. Injini ikikohoa mara ya kwanza, mlango wa uzio unafungwa. Aliye nje ashinde nje. Ukifungiwa mara ya tatu, kijiti anapewa mwingine. Na wengine walikuwepo, wamekaa juu ya magunia kila siku, wakisikitika kwamba shavu langu linapona.

Mara ya kwanza nilifungiwa kwa ajili ya mvua. Nilikuwa ninatembea kwa miguu kutoka kijijini kwetu Kamimbi, ng'ambo ya kijito, na asubuhi ile gogo la daraja lilikuwa chini ya maji. Nilifika wakati mashine inaimba. Nilikaa nje ya uzio siku nzima nikiisikiliza kama mtu anayesikiliza harusi ya mchumba wake. Jioni Baba Shabani alitoka, akafuta mikono, akasema, «Mashine haina huruma, na mimi niko mutumishi wake tu. Tafuta kinga.»

Hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu kwetu kinga si ya mtu. Vitabuni inaitwa baiskeli na inaonyeshwa ikipandwa na mtu mmoja anayecheka. Kwetu ni ile nyeusi, kubwa, na nyuma kuna porbagaji, kile chuma cha kubebea, kipana kama kitanda cha mtoto. Porbagaji ni ya ukoo mzima na ya majirani, na ya yeyote unayemkuta njiani amechoka. Mwenye kinga akimpita mtu mwenye mzigo bila kusimama, jina lake baya linafika nyumbani kabla yake. Wengine wanajua kukataa. Wanasema, «Niko na haraka, mama,» na maisha yanaendelea. Mimi neno «hapana» ninaweza kuliandika tu.

Jirani yetu Asumani aliniazima kinga yake nijaribu. Nilitoka mapema, nikijiona tajiri. Kabla sijafika kwenye kijito, Shangazi Feza alikuwa amesimama katikati ya njia na beseni la mihogo.

«Ee, mutoto wa kaka yangu! Mungu amekutuma.»

«Shikamoo, shangazi. Mimi…»

«Najua, unaenda kazini. Ni njia moja. Funga hapa.»

Nikafunga. Baada ya kijito nilimkuta katekista wetu, mguu umevimba. Alikaa juu ya mihogo. Kwenye mlima tukashuka sote tukasukuma, na pale juu akatokea mzee mmoja nisiyemjua hata kwa sura, ana mbuzi.

«Kijana, huyu mbuzi hatembei. Munapeleka wapi kinga?»

«Kasongo,» akajibu katekista, kwa sababu mimi nilikuwa bado ninatafuta neno.

«Basi, mimi nitatembea. Mupakate yeye tu.»

Nikafika kwenye uzio na mbuzi mikononi, katekista nyuma, mihogo chini ya katekista, na mashine ikiimba. Mbuzi ndiye aliyelia kwa niaba yetu. Hiyo ilikuwa mara ya pili. Baba Shabani alichungulia kwenye tundu la bati, akatutazama mmoja mmoja, akarudi kwenye kazi yake. Wale wa juu ya magunia walianza kuniuliza kijiti kinashikwaje.

Nilimrudishia Asumani kinga yake. Nikaenda sokoni Kasongo, kwa Papa Ramazani, muuza kinga za mtumba, anayekaa kati ya magurudumu kama buibui mwenye subira.

Sasa sikieni vizuri, hapa ndipo penye somo mliloniuliza. Msinunue rangi. Papa Ramazani anapaka rangi hata kutu. Inueni gurudumu la mbele, lizungusheni, mtazame kama linayumba kama mlevi. Gongeni spoki kwa ukucha: iliyokaza inalia, iliyolegea inanyamaza. Shikeni mnyororo pale mbele kwenye meno, uvuteni. Ukiacha meno na kuja mkononi, umechoka. Piteni kidole chini ya bomba pale lilipochomelewa, maana ufa unajificha chini kama deni. Kisha pandeni. Magoti yakigonga usukani, ni ya mtoto. Tumbo likilala juu ya bomba, ni ya baba yenu. Na kabla ya kulipa, ulizeni kama shambreli yake, ule mpira wa ndani, inapatikana Kasongo, ama mtaingojea kutoka Bukavu mpaka mzeeke.

Nilifanya hayo yote kwa kinga nyeusi mbili, na zote mbili zilikuwa nzuri. Ndiyo iliyokuwa shida. Nilipotazama porbagaji zake nilimwona Shangazi Feza ameshakaa.

Nyuma kabisa, imetundikwa kwenye msumari, kulikuwa na kitu kingine. Kilikuwa chekundu, chembamba, magurudumu membamba kama vikuku, usukani umepinda chini kama pembe za kondoo dume. Ilikuwa kinga ya mashindano.

«Ile?» nikauliza.

«Ile ni ya kuvutia macho ya wateja,» akasema Papa Ramazani. «Kuna kijana wa Lusangi alipata kidogo kwenye mashimo ya dhahabu, akainunua kwa wafanyabiashara wa kutoka ziwani. Alipotaka kufunga gunia akaona hakuna pa kufunga. Akaniachia.»

«Porbagaji iko wapi?»

«Haina.»

«Ya mbele?»

«Haina.»

«Mutu anaweza kukaa kwenye bomba?»

«Bomba lile? Labda mutu wewe haumupendi.»

«Mutungi unaweza kufungwa mahali?»

Papa Ramazani akaniweka mkono begani, kwa huruma. «Mutoto wangu, sitaki ulie kesho. Hii kinga haibebi kitu. Haibebi mutu, haibebi mbuzi, haibebi hata mukate.»

Tangu nizaliwe sijawahi kusikia bidhaa ikisifiwa vizuri namna ile. Nikasema ninaichukua. Neno hilo lilitoka bila kukwama, na mimi mwenyewe nikageuka kutazama nani amelisema.

Nyumbani kilikuwa kilio. Mama aliizunguka, akauliza nyingine inakuja lini. Mujomba Kitenge, kaka wa mama, mtu mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka bonde la pili, aliiinua kwa mkono mmoja mbele ya watu.

«Tazameni! Watu wanapeleka mutoto kazini Kasongo, anarudi na mifupa! Nyama ya kinga wamekula nani?»

Watu wakacheka. Nami nikatazama miguu yangu, lakini ndani nilikuwa ninacheka kuliko wao.

Kwa maana asubuhi ile ya kwanza, Shangazi Feza alisimama katikati ya njia na beseni lake. Nilisimama kwa heshima zote. Nilishuka kabisa. Akaja nyuma ya kinga, akatazama. Akaja mbele, akatazama. Alizunguka na beseni kichwani kama mtu anayetafuta mlango kwenye nyumba isiyo na mlango.

«Sasa naweka wapi?»

«Popote, shangazi,» nikasema.

Alinitazama sana. Kisha akasema, «Enda, baba, enda. Pole.» Alinihurumia! Katekista naye akanihurumia. Watu wote wa njia ile walinihurumia, na mimi nikapita katikati ya huruma zao kama upepo.

Sitawadanganya kwamba tairi jembamba ni la barabara yetu. Kwenye mchanga linazama kama kisu kwenye mkate wa mhogo. Kila jiwe unalijua kwa jina. Haina chuma cha kuzuia matope, kwa hiyo masika nilifika na mstari wa matope kutoka kiunoni mpaka kisogoni, na ninyi mliokuwepo mnakumbuka mliniita nani. Lakini ni nyepesi. Wenye kinga kubwa wakifika kwenye gogo wanangojeana, wanasukuma, wanagombana. Mimi niliiweka begani nikavuka. Wekeni mfukoni vipande vya shambreli kuukuu, gundi, na mpini wa kijiko cha kutolea tairi. Kijiko cha mama kisiwe kipya. Hilo nalo ni somo.

Nikawahi kazini tangu siku ile. Nilifika wakati Baba Shabani bado anafunga kamba za viatu. Wale wa juu ya magunia wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, kutafuta magunia mengine.

Ndipo Mujomba Kitenge akanipenda.

Jumapili moja nilitoka kanisani nikakuta watu uani kwetu, wamesimama kama kwenye ubatizo. Kinga yangu ilikuwa katikati. Mujomba aliichukua wakati tunaimba, akaipeleka kwa mhunzi, na sasa nyuma yake kulikuwa na porbagaji. Ilikuwa ya vyuma vya kujengea nyumba, imefungwa kwa waya, imepakwa rangi ya buluu, na juu yake kuna mto wa gunia ulioshonwa vizuri. Mama alikuwa anafuta machozi.

«Hatukuweza kukuacha hivyo,» akasema Mujomba. «Watu walikuwa wanasema ukoo wetu umeshindwa kukununulia nyuma.»

Nikatafuta neno. Watu wakangoja. Nikasema, «Asante, mujomba.»

«Kesho tunaijaribu. Niko na jogoo wa kupeleka sokoni. Unatoka saa ngapi?»

Sikulala vizuri. Nilikuwa nimebakisha mara moja tu, na mara hiyo ilikuwa imekaa juu ya mto wa gunia. Niliwaza kuifungua ile porbagaji, lakini mhunzi alikuwa amekaza waya kana kwamba anafunga mwizi.

Asubuhi Mujomba alikaa. Kinga ikasema kitu kwa lugha yake. Alikuwa na jogoo kwapani, shati la Krismasi, na furaha ya mtu mwenye dereva. Nikasukuma pedali. Pale kwenye njia, kama kawaida, Shangazi Feza na beseni. Alipoona buluu ile uso wake ukafunguka.

«Ee! Mumepata mahali!»

Nilianza kubana breki. Nyuma yangu sauti ikalipuka.

«Feza! Ondoka njiani! Hauoni mutoto iko na kazi?»

«Kitenge, beseni hii moja tu…»

«Imejaa! Hata jogoo amekaa vibaya! Kanyaga, mutoto, kanyaga!»

Nikakanyaga. Hayo ndiyo maneno niliyokuwa ninayatafuta tangu nilipojifunza kusema, na kumbe yalikuwa nyuma yangu, yananipulizia kisogoni. Katekista aliinua mkono; Mujomba alimwombea apone haraka, tukapita. Yule mzee wa mbuzi aliambiwa mbuzi ana miguu minne na sisi tuna magurudumu mawili, atuhurumie. Kwenye mlima Mujomba alishuka akasukuma, akinitukana kwa upendo. Kwenye gogo alibeba jogoo, mimi kinga. Tulikuwa tunawahi. Ninawaambieni tulikuwa tunawahi.

Tuliona mabati ya mashine yanang'aa, na hapo hapo tairi la nyuma likapasuka. Ule mlio uliwafanya kunguru waruke. Mujomba alijikuta amekaa chini na mto wake.

«Saa ya kuwasha imefika?» akauliza.

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Tulimwona Baba Shabani, mdogo kwa mbali, anaingia na manivele begani.

«Na ukikuta wamefunga?»

Nikamwambia. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote nyumbani: kwamba nimeshafungiwa mara mbili, na hii ikiwa ya tatu, kijiti ni cha mwingine. Mujomba akainuka, akapangusa mchanga. Kisha akashika jogoo.

«Beba mifupa yako. Mimi natangulia.»

Sikujua mtu mnene anaweza kukimbia hivyo. Nilimfuata na kinga begani, magurudumu yananipiga masikio. Nilipokaribia uzio nilimwona amesimama kwenye mlango wenyewe, nusu ndani, nusu nje, jogoo kwapani, na Baba Shabani mbele yake ameinama juu ya injini.

«Jambo, fundi!»

«Jambo, baba. Ngoja kidogo, ninawasha…»

«Nyumbani wanaamuka namna gani?»

Mnajua wenyewe. Mzee akikusalimia, huwezi kumjibu ukiwa umeinama na chuma mkononi, tena mtu wa kutoka mbali, mwenye jogoo. Baba Shabani akanyooka, akaweka manivele chini.

«Wazima, baba.»

«Mama watoto?»

«Muzima.»

«Na watoto?»

«Wazima wote.»

«Na yule mwenye kikohozi?»

Baba Shabani hakuwa na mtoto mwenye kikohozi. Lakini salamu unaijibu kwanza, ukweli unautafuta baadaye. «Alipona,» akasema, akainama.

«Mungu asifiwe! Na mashamba?»

Akanyooka. «Iko muzuri.»

«Mvua ilinyesha huku?»

«Ilinyesha.»

«Kwetu pia. Na ndugu zako wa upande wa mama?»

Kila mara mkono wa Baba Shabani ulipogusa manivele, Mujomba alifikia ukoo mwingine. Wafagiaji waliacha mafagio. Walio hai walipokwisha, akaanza marehemu.

«Na pole sana kwa ule musiba.»

«Musiba gani, baba?»

«Ule wa mwaka jana.»

Nani hana msiba wa mwaka jana? Baba Shabani aliinamisha kichwa, akavua kofia, akasema, «Tumepokea pole.» Ndipo mimi nikapita chini ya kwapa la Mujomba, lile lisilo na jogoo, nikaegemeza kinga kwenye bati, nikachukua kijiti changu, nikasimama karibu na gurudumu.

Baba Shabani alivaa kofia. Alinitazama mimi, akamtazama Mujomba, akamtazama hata jogoo. Alikuwa ameshaelewa.

«Baba,» akauliza taratibu, «kwetu kuna mutu mwingine bado haujamuuliza?»

Mujomba alihakikisha kwamba kijiti kiko mkononi mwangu.

«Hapana. Sasa washa mashine yako, fundi. Watu wanangojea muchele, weye unapiga masimulizi.»

Injini ilikohoa, mkaba ukapanda mara moja. Baba Shabani hakunisema neno siku ile wala baadaye, lakini mliomkuta baada ya hapo mnajua kwamba anawasha injini akiwa ameupa mlango mgongo. Sababu ndiyo hiyo.

Ile porbagaji haikutoka tena. Siku za soko Mujomba alikaa juu yake, na siku nyingine watu waliamini kwamba yuko karibu, wakatuacha tupite. Kwa hiyo, ndugu uliyeniuliza, nyembamba ama nene, chagua unavyotaka, mradi spoki zinalia. Mujomba Kitenge hajambo, isipokuwa tangu nihamie Wamaza anakwenda sokoni kwa miguu na hapendi. Juzi alinitumia mtu kuniuliza nani anashika mkaba sasa, na asubuhi anapita njia gani. Mimi mnanijua. Sikuweza kukataa kumjibu.